Portali inasema "imeili imetumwa" lakini mtu hajapata kitu: jinsi ya kuisaka ilipokwama

Wadau, hii kitu inasumbua sana watu wanaotunza portali, iwe ya chuo, ya SACCOS, ya hospitali au ya kuomba kazi. Mtu anabonyeza "nimesahau nenosiri", portali inamjibu vizuri kabisa kwa rangi ya kijani kwamba imeili imetumwa, anasubiri, hamna. Anabonyeza tena, hamna. Anapiga simu ofisini, ofisini wanakupigia wewe, na wewe cha kwanza unafungua faili la setingi unaanza kubadilisha poti (namba ya mlango wa seva), toa 587 weka 465, toa ssl weka tls (njia za kusimba mawasiliano), paswedi nayo ibadilishe, mpaka inafika jioni hujui tena setingi ya mwanzo ilikuwa ipi. Usifanye hivo.

Ile meseji ya kijani maana yake ni moja tu, kwamba kodi imefika mwisho bila kulalamika. Ni kama risiti ya parseli ya basi, inasema mzigo umepokelewa ofisini Dar, haisemi kama umeshashushwa Songea. Kati ya portali na simu ya mtu kuna programu yenyewe, kuna foleni, kuna seva ya kutuma, kuna seva ya kupokea, alafu ndo inboksi au spamu. Kazi yako ni kujua imefia wapi kati ya hapo, na kila sehemu inaacha alama yake. Ukishajua ni wapi, kurekebisha mara nyingi ni dakika chache.

Mifano ntakayotumia ni ya Laravel (mfumo wa PHP wa kujengea portali) kwenye hostingi ya cPanel (paneli ya kusimamia hostingi) kwa sababu portali nyingi za huku kwetu zimejengwa hivo, ila ukiwa na Django au WordPress njia ni ileile, majina ya mafaili ndo yanabadilika.

Hatua ya 1: usiguse kitu, uliza kwanza

Swali la kwanza, hawapati wote au baadhi? Hili swali peke yake linapunguza kazi nusu. Kama hamna hata mmoja anayepata basi tatizo liko upande wako, kwenye programu, foleni au kuunganisha na seva ya kutuma. Kama wa Gmail wanapata ila wa Yahoo au Outlook hawapati, tatizo liko kwenye sifa ya domeini yako huko nje. Kama wanafunzi wanapata ila wafanyakazi wenye anwani za ofisi hawapati, ruka moja kwa moja hatua ya 6, nakuhakikishia utacheka. Na kama wanapata ila iko kwenye spamu, nenda hatua ya 7.

Swali la pili, ilikuwa saa ngapi? Hapa kuwa makini kidogo. Mtu akikwambia alibonyeza saa mbili asubuhi, hiyo ni 08:00 ya Afrika Mashariki, na seva nyingi zinaandika logi kwa saa za UTC ambazo ziko nyuma kwa masaa matatu, kwa hiyo kwenye logi unatafuta 05:00. Watu wanakaa wanatafuta mstari wa 02:00 au wa 08:00 hawaoni kitu alafu wanasema logi haina kitu.

Swali la tatu, nini kilibadilika karibuni? Mmehamisha seva, mmebadilisha paswedi ya imeili, domeini ilikaribia kuisha mkalipia, mmehamia Google Workspace? Kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana hakiachi hivihivi, kuna mkono wa mtu au kuna tarehe ya mwisho ya kitu imepita.

Hatua ya 2: angalia anwani iliyoko kwenye databesi

Hii ni fupi ila usiiruke. Fungua taarifa za mlalamikaji uone anwani aliyojisajilia. Utakutana na gmail.con, gmial.com, nafasi tupu mwishoni, na kuna wengine imeili siyo yao kabisa, walifunguliwa akaunti na kijana wa steshenari siku ya kuomba chuo, paswedi anayo kijana au hamna anayeikumbuka. Hapo portali yako ni nzima, umesumbuliwa bure. Unaweza kupima ukubwa wa hili tatizo kwa mstari mmoja:

select email from users where email like '%.con' or email like '%gmial%' or email like '% %';

Hatua ya 3: programu yenyewe na foleni yake

Fungua .env (lile faili la setingi za portali) uangalie mistari miwili kabla ya yote, MAIL_MAILER na QUEUE_CONNECTION.

Ukikuta MAIL_MAILER=log basi umeshamaliza kazi, hapo kila imeili inaandikwa kwenye storage/logs/laravel.log badala ya kutumwa. Kuanzia Laravel 11 mfano wa .env unakuja hivo, sasa mtu anapandisha portali kwenye seva anasahau kubadilisha, na portali haitalalamika hata siku moja kwa sababu kwa upande wake kazi imefanyika. Utazikuta barua zote zimelala humo kwenye logi na linki zake.

QUEUE_CONNECTION nayo ikiwa database maana yake imeili zinapangwa kwanza kwenye jedwali linaloitwa jobs, alafu kuna kiprogramu kingine kinakuja kuzichukua na kuzituma. Hicho kiprogramu kisipokuwepo, jedwali linajaa tu. Cheki:

select count(*) from jobs;
select id, failed_at, left(exception, 300) from failed_jobs order by id desc limit 5;

Namba ya kwanza ikiwa kubwa na kila ukirudia inaongezeka, hamna anayehudumia foleni. Kwenye seva yako mwenyewe weka queue:work (amri inayohudumia foleni) chini ya Supervisor (programu inayosimamia programu nyingine) ili ikifa ifufuliwe, na kwenye hostingi ya cPanel ambako Supervisor hamna, weka kazi ya cron (ratiba ya seva ya kuendesha amri yenyewe) ya kila dakika:

* * * * * cd /home/jina/portali && php artisan queue:work --stop-when-empty --max-time=50

Sasa kuna kitu hapa watu wengi hawakijui na kinaleta kesi za ajabu. Kile kiprogramu cha foleni kikishawashwa kinabaki na setingi za zamani kichwani, hata ukibadilisha .env chenyewe hakina habari, kitaendelea kutumia paswedi ya jana mpaka ukiambie. Kwa hiyo kila ukigusa .env, malizia na hizi mbili:

php artisan config:clear
php artisan queue:restart

Ndo maana unakuta mtu anaapa kwamba ameweka paswedi sahihi na kweli ameweka, ila kosa ni lilelile, kwa sababu kinachotuma hakijaisoma.

Jedwali la failed_jobs ndo rafiki yako, kosa kamili liko humo, soma maneno yake ya mwanzo ujue uende hatua ya 4 au ya 5. Ukisharekebisha utashawishika kuandika queue:retry all ili zote zilizoshindikana ziende. Angalia zina umri gani kwanza. Linki ya kubadilisha nenosiri kwenye Laravel inakufa baada ya dakika 60 isipokuwa mmebadilisha, sasa ukirusha barua za miezi miwili iliyopita, watu mia tano watabonyeza linki zilizokufa na simu zitaanza upya. Zile za nenosiri zifute, rusha zile ambazo bado zina maana kama risiti na barua za udahili.

Kama foleni ni tupu, failed_jobs ni tupu na logi haina kitu, tafuta kwenye kodi neno catch karibu na sehemu inayotuma imeili. Kuna madevelapa wanazungushia try na catch alafu ndani ya catch hawaandiki kitu, yaani kosa linakuja linamezwa kimyakimya na mtumiaji anaonyeshwa kijani. Andika humo angalau Log::error($e->getMessage()) urudie jaribio. Na kwa wanaotumia mail() ya PHP moja kwa moja, ikirudisha true ina maana tu kwamba seva ya hapohapo imeupokea ujumbe, basi, safari ndo inaanza.

Hatua ya 4: je, seva inafika kwenye seva ya kutuma?

Hili jaribio lifanyie kwenye seva ya portali, siyo kwenye laptop yako. Laptop iko kwenye intaneti ya ofisi au bando la simu, seva iko data senta, na sheria za poti ni tofauti kabisa huko.

nc -vz smtp.gmail.com 587

Kama seva ni ya Windows basi PowerShell:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

Na kama uko kwenye hostingi ya kushea bila SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva ukiwa mbali), tengeneza kifaili cha PHP chenye mstari huu, kifungue kwenye brauza, alafu ukifute hapohapo usikiache:

<?php var_dump(@fsockopen('smtp.gmail.com', 587, $n, $s, 10), $n, $s);

Majibu yake yasome hivi. "Connection timed out" ina maana kuna fayawoli inakula pakiti zako njiani, na siyo lazima iwe ya kwenu. DigitalOcean wanafunga poti 25, 465 na 587 kwenye Droplet, AWS wanafunga 25 ya kutokea kwenye EC2, Google Cloud nao wanafunga 25. Hapo hata ukeshe unabadilisha paswedi haisaidii, hujafika hata mlangoni. Dawa ni kutumia huduma ya kutuma imeili ambayo ina poti 2525, mfano SendGrid, Mailgun au Brevo, au utumie API yao ambayo inapita kwenye 443 kama tovuti ya kawaida.

"Connection refused" ni kinyume chake, umefika ila pale ulipogonga hamna mtu anayesikiliza, mara nyingi ni poti au hosti siyo. "Name or service not known" ni jina limekosewa, na angalia sana nafasi tupu mwishoni mwa jina la hosti, ukikopi kutoka kwenye PDF au WhatsApp inakuja nayo.

Kosa la "wrong version number" linatisha ila ni jepesi sana, umechanganya poti na usimbaji. Poti 465 inasimba kuanzia salamu ya kwanza, 587 inaanza wazi alafu katikati ndo inapanda kwenye usimbaji kwa amri ya STARTTLS. Ukilazimisha ssl kwenye 587 unapata hilo kosa, na ukienda wazi kwenye 465 mnabaki mnasubiriana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze, mpaka muda unaisha.

Alafu kuna hili la hostingi za cPanel, linachanganya hata wazoefu. Umeweka smtp.gmail.com, poti iko wazi, ila kosa linasema cheti hakilingani, "did not match expected CN" na jina linalotajwa ni la seva ya hostingi yako, siyo la Google. Kilichotokea ni kwamba wenye hostingi wamewasha kizuizi cha SMTP (njia ambayo seva hutumia kutuma imeili) ambacho kinateka kila muunganisho wa kutuma imeili na kuurudisha kwenye seva yao wenyewe, ili kama tovuti ya mtu imeingiliwa isirushe spamu ovyo. Wewe unadhani unaongea na Google kumbe unaongea na jirani. Usizime uhakiki wa cheti ili kosa lipotee, nimeona huo ushauri ukitembea sana na ni mbaya, utaishia kuipa seva ya mtu mwingine jina lako na paswedi yako ya Google. Waandikie sapoti wakufungulie, au tumia akaunti ya imeili ya hapohapo kwenye hostingi.

Ukishapita poti, tuma ujumbe mmoja kutoka ndani ya Laravel bila kupitia portali:

php artisan tinker
Mail::raw('jaribio', fn($m) => $m->to('ANWANI_YAKO')->subject('jaribio'));

Ikienda huku lakini kwenye brauza haiendi, na seva yako ni AlmaLinux, Rocky au CentOS, angalia SELinux, mlinzi wa ndani ya Linux. Yenyewe inazuia programu ya wavuti kufungua miunganisho ya nje huku wewe wa kwenye terminali unapita bila shida, na kosa lake mara nyingi linasema "Permission denied". Usiizime yote kama wengi wanavyofanya, ruhusu hicho kimoja:

setsebool -P httpd_can_network_connect 1

Hatua ya 5: umefika mlangoni, unakataliwa

Namba 535 ni ya jina na paswedi. Kabla hujabadilisha kitu angalia .env kama paswedi yako ina alama ya #, kwa sababu bila nukuu kila kitu kuanzia hiyo # kinahesabika ni maelezo na kinakatwa, kwa hiyo paswedi inayoenda ni nusu. Izungushie nukuu moja moja:

MAIL_PASSWORD='abc#def$123'

Kwa Gmail, paswedi yako ya kawaida haifanyi kazi tena. Google waliacha kukubali programu zinazoingia kwa jina na paswedi tupu kwenye akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022, kwa hiyo mafundisho yote ya zamani yanayosema washa "Less secure apps" yapite tu. Unawasha uthibitisho wa hatua mbili, alafu unatengeneza paswedi ya programu yenye herufi 16, hiyo ndo unaweka kwenye .env. Wanakuonyesha imegawanywa kwa makundi manne yenye nafasi, ziondoe hizo nafasi. Na ukibadilisha paswedi kuu ya akaunti, zile za programu zinafutwa zote, ndo maana portali inazimika siku bosi anapobadilisha paswedi yake. Kiukweli portali ya taasisi haitakiwi kutuma kwa Gmail ya mtu binafsi hata kidogo, kikomo ni imeili 500 kwa siku, siku ya kutangaza matokeo utafika 500 kabla ya chai ya saa nne.

Kwa Microsoft 365 ukiona "SmtpClientAuthentication is disabled for the Tenant", paswedi yako haina shida, huduma yenyewe imezimwa na inatakiwa msimamizi wa tenanti (akaunti nzima ya taasisi) aifungue kwa kisanduku hicho. Jua tu kwamba Microsoft wako kwenye safari ya kuachana kabisa na kuingia kwa paswedi kwenye SMTP, kwa hiyo usijenge kitu kipya juu ya hiyo, nenda OAuth (kuingia kwa kibali badala ya paswedi) au huduma nyingine.

Hatua ya 6: imepokelewa, sasa imepotelea wapi

Seva ya kutuma ikijibu 250 imeupokea ujumbe na deni limehamia kwake. Ingia cPanel, fungua Track Delivery, tafuta anwani ya mlalamikaji. Hapo kuna ukweli wote. Kosa linaloanza na 4 ni la muda, seva itarudia yenyewe, na linaloanza na 5 ni la moja kwa moja. Kuna seva za kupokea ambazo makusudi zinamkataa mgeni mara ya kwanza kwa 450 au 451 ili waone kama atarudi, imeili inaingia baadaye, ila ikichelewa saa nzima ile linki ya nenosiri ndo imeshakufa njiani.

"No such user" ni anwani haipo, rudi hatua ya 2. "Over quota" ni kisanduku kimejaa, na hii saivi ni nyingi kwa sababu zile GB 15 za Google zinashea na picha na Drive, simu ikishajaza picha basi imeili nazo haziingii. "Has exceeded the max emails per hour" ni kikomo cha hostingi yako kwa saa, mkituma tangazo kwa wanafunzi elfu mbili kwa mkupuo, mia za kwanza zinapita, zilizobaki zinasubirishwa au zinatupwa kabisa, soma mwisho wa huo mstari uone kama umeandikwa "discarded".

Sasa tuje kwa lile la wafanyakazi. Wanafunzi wenye Gmail wanapata kila kitu, ila mhasibu na msajili wenye anwani za domeini ya chuo hawapati chochote kutoka kwenye portali, na imeili nyingine zote kutoka nje wanapata vizuri. Kila mtu analaumu spamu. Tatizo ni hili: taasisi ilihamisha imeili zake kwenda Google Workspace au Microsoft 365, rekodi za MX (zinazosema barua za domeini zipelekwe seva ipi) zikabadilishwa, ulimwengu wote unajua barua za domeini hiyo zinapelekwa huko. Isipokuwa seva ya hostingi. Yenyewe bado inaamini domeini ni yake, kwa hiyo portali ikituma kwa msajili, seva haiangalii hata MX, inaiweka ndani kwake. Kama hamna kisanduku cha msajili inasema "No Such User Here", angalau kuna kosa. Kama vile visanduku vya zamani havikufutwa, inaingia humo kimya kabisa na inaandikwa imefika, na kweli imefika, kwenye kisanduku ambacho hamna mtu amekifungua tangu mhame. Nenda cPanel, Email Routing, chagua domeini, badilisha kutoka Local Mail Exchanger kwenda Remote Mail Exchanger. Basi. Alafu ufungue vile visanduku vya zamani uone ni barua ngapi za watu zimelala humo, utahitaji kuzipeleka kwa wenyewe.

Hatua ya 7: inafika ila kwenye spamu

Tuma ujumbe kwenye Gmail yako kutoka kwenye portali, ufungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu alafu Show original. Juu kabisa kuna SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (sahihi ya kidijitali ya ujumbe) na DMARC (inasema barua zikifeli hizo zifanywe nini), zote tatu unataka PASS. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila anayetuma awe angalau na SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na zote pamoja na DMARC, kwa hiyo hii siyo ya hiari tena. Rekodi zako za DNS ziangalie hivi:

dig +short TXT domeiniyako.co.tz
dig +short TXT default._domainkey.domeiniyako.co.tz
dig +short TXT _dmarc.domeiniyako.co.tz

Hiyo default ni jina la ufunguo linalotumiwa na cPanel, huduma nyingine wana la kwao. SPF ndo inayoharibiwa zaidi. Inatakiwa rekodi moja tu inayoanza na v=spf1, sasa hostingi waliweka yao, mlipohamia Google mkaongeza ya pili, mkichukua huduma ya kutuma mnaongeza ya tatu, na zikiwa zaidi ya moja hamna hata moja inayohesabika. Ziunganishe ziwe mstari mmoja:

v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.10 ~all

Hiyo IP ni ya mfano, weka ya seva yako. Pia ukiweka include nyingi, hesabu ya kuuliza DNS isizidi 10, ikizidi inakuwa kosa. DMARC anza nayo kwa upole, v=DMARC1; p=none; na anwani ya kupokea ripoti, usikimbilie reject kabla hujajua nani wote wanatuma kwa jina lenu, unaweza ukazuia mfumo wa mishahara.

Kuna kosa moja la kodi linaleta spamu hata rekodi zikiwa safi. Ile fomu ya "wasiliana nasi", develapa anachukua imeili ya mgeni anaiweka kwenye From. Maana yake seva yako inajifanya ni Yahoo au Gmail, na Yahoo tangu 2014 wameuambia ulimwengu ukatae barua za namna hiyo. From iwe anwani ya domeini yako siku zote, ya mgeni iende kwenye Reply-To, ukibonyeza jibu inaenda kwake vilevile.

Seva yako ikiwa inatuma yenyewe moja kwa moja, hakikisha IP ina rekodi ya PTR (inayosema hiyo IP ni ya jina gani), hii haiwekwi kwenye domeini, anaiweka mwenye IP, yaani aliyekuuzia seva. Kama seva ina IPv6 isiyo na PTR, Gmail wanaikataa kabisa, na hili linapotosha kwa sababu leo inapita kwa IPv4 kesho inakataliwa kwa IPv6.

Hatua ya 8: fungua ile imeili ubonyeze linki

Imefika, iko inboksi, umefurahi. Bonyeza linki. Ikikupeleka http://localhost basi APP_URL kwenye .env haijawekwa anwani ya kweli ya portali. Fanya hilo jaribio kwenye simu, siyo kwenye kompyuta yako yenye portali ya majaribio, utadanganyika kwamba inafanya kazi.

Ukikwama na inabidi uwaandikie sapoti

Usiandike "imeili haziendi tusaidieni", watakujibu futa kache ya brauza na siku imeisha. Waandikie anwani iliyotuma, anwani iliyotakiwa kupokea, muda kamili na useme ni saa za UTC au za Afrika Mashariki, Message-ID (utambulisho wa ujumbe) kama unayo, na mstari mzima wa kosa kama ulivyo kwenye logi, uwe maandishi siyo picha ya skrini, ili wautafute kwenye logi zao. Ongeza na majibu ya nc kutoka kwenye seva. Paswedi usiweke kwenye tiketi, na kama ulishaiweka kwenye tiketi ya nyuma, ibadilishe leo, alafu usisahau config:clear na queue:restart.